Salamu Mia Mbili na Kumi na Nne

Skuli ya Kichangachini, Gando
Jumatano, 9 Aprili 2025

Mwanangu Skolastika,

Salamu zako utapewa kwa mdomo na Mwalimu Vuai, anayekuletea barua hii huko Chake. Mimi na salamu za maandishi tumegombana tangu jana, na nitakueleza kwa nini.

Mwalimu Mkuu, Bwana Suhaib, amenikabidhi barua pepe ya skuli, ile uliyotufungulia mwenyewe ulipokuwa ukisomesha hapa na kulala chumba changu cha uani. Nikamwambia mimi nina miaka hamsini na saba, nasomesha Historia, na kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi. Akasema, "Ndiyo maana, Bi Mwatum. Wewe huna pupa." Mpaka sasa sijui kama amenisifu au amenitukana.

Kazi yenyewe ni orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne. Wako ishirini na saba. Jana ofisi ya mitihani ilituma barua kwa skuli zote za Pemba kwa mpigo mmoja, kwamba kila skuli ipeleke orodha yake na marekebisho kabla ya Alkhamisi tarehe 17. Barua ilianza, "Assalaam alaykum walimu wote." Sasa wewe ni Mkristo, lakini umekaa nyumbani kwangu miaka minne na unayajua mambo yetu. Mtu akikutolea salamu, kuitika ni wajibu. Chini ya barua palikuwa na vitufe viwili, "Jibu" na "Jibu wote". Nikafikiri, aliyesalimia amewasalimia wote, basi adabu ni kuitika mbele ya wote. Nikaandika "Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh", nikasaini jina langu, nikabonyeza "Jibu wote".

Wallahi, ningejua! Skuli za Konde zikaitika. Za Mkoani zikaitika, na kila anayeitika anaongeza salamu yake, na wengine wanaitika ile yake. Mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo ameniuliza hali ya goti langu mbele ya Pemba nzima. Mwingine ametangaza harusi ya mwanawe. Leo asubuhi nimehesabu salamu mia mbili na kumi na nne, na barua ya ofisi imezama huko chini siioni tena. Nimeanza kuzijibu moja moja, nimefika kumi na tisa, macho yanauma na bado nafunga sita zangu za Mfungo Mosi, huu mwezi wa baada ya Ramadhani.

Nifanye nini? Niandikie kwa karatasi. Ya kwenye simu nayasahau, lakini karatasi naiweka pembeni ya kompyuta na kuirudia. Na andika polepole, kama unavyomsomesha mtu wa darasa la kwanza. Katika hao ishirini na saba yumo Rahila Jabir, mtoto wa kisiwa cha Fundo anayekaa hapa kwa shangazi yake ili asome. Kwao hakuna aliyewahi kufika kidato cha nne. Sitaki akose kwa sababu ya ujinga wangu.

Mama yako,
Mwatum Soud


Kituo cha Walimu, Madungu
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Nimecheka mpaka Modester wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Nisamehe. Na usijione mjinga. Kuna wakuu wa skuli wenye shahada mbili waliotangaza harusi humo humo, ila hao hawakuandika kuniuliza.

Haya, polepole. "Jibu" ni sawa na kumjibu mtu sikioni. "Jibu wote" ni sawa na kusimama uwanjani wakati wa gwaride la asubuhi. Kabla ya kubonyeza, jiulize kama jambo lako ni la gwaride. Salamu umeshaitika mara moja kwa niaba ya skuli, inatosha. Usizijibu hizo nyingine.

Orodha ukishaiandika, ihifadhi kwa jina linalojieleza, mfano "Watahiniwa Kichangachini 2025". Usiiite "Orodha", maana mwakani utakuwa na Orodha sita na hutajua ipi ni ipi. Kuna alama ya kibanio cha karatasi. Bonyeza hiyo kwanza, chagua faili, subiri jina lake litokee, ndipo uandike maneno yako. Walimu wengi huandika "nimeambatisha" halafu wakasahau kuambatisha. Na ile karatasi ya nywila iliyobandikwa ukutani tangu enzi zangu, tafadhali iondoe leo.

Sasa dawa ya zile salamu. Fungua mazungumzo hayo, upande wa juu kulia kuna vidoti vitatu. Bonyeza, kisha chagua "Nyamazisha". Yote yataondoka mbele yako na hata wakisalimiana mpaka Idi ya pili hutasikia. Dawa hii ni nzuri sana, nimeiweka hata kwenye kijitabu cha mbinu za kompyuta kwa walimu ninachokiandaa. Kinapigwa chapa wiki ijayo, na jina langu liko kwenye jalada! Wakubwa wakikipenda, huenda nikabakishwa hapa kituoni moja kwa moja. Mpaka sasa nimeazimwa tu, na muda wangu unaisha Juni. Niombee.

Binti yako,
Skolastika Damian


Gando
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimenyamazisha. Nilibonyeza, na zote zikatoweka mara moja. Kwenye kompyuta kuna barua tatu tu sasa, mbili za matangazo ya vitabu. Nimeshusha pumzi.

Orodha nimeipeleka Jumamosi. Mara ya kwanza niliandika "nimeambatisha" na sikuambatisha, kama ulivyosema, ingawa karatasi yako ilikuwa mbele ya macho yangu. Mara ya pili ilikwenda. Majina ishirini na saba, nimeyahesabu kwa kidole. Nywila nimeiondoa ukutani. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Lakini nina jambo linanikera. Hizo nilizozinyamazisha zimekwenda wapi? Bwana Suhaib anasema zimefutwa. Mwalimu wa Fizikia anasema zipo ila zimelala. Na ikiwa ofisi itaniandikia jambo la maana kupitia mlango huo huo wa salamu, nitaliona? Au nalo litanyamaza? Nisaidie hapo, maana nimelala nikifikiria, na nimeamka nikifikiria.

Rahila anakuja kila mapumziko kuniuliza, "Mwalimu, limeshafika jina langu?" Namwambia limefika. Naye anarudi darasani akiruka.

Mwatum


Madungu
Jumatano, 16 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Naandika mbio, Mwalimu Vuai amesimama mlangoni na mimi nina semina ya walimu arobaini saa nne, na kijitabu kimerudi kutoka kwa mpiga chapa kikiwa na kurasa zilizogeuka juu chini.

Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Jambo lolote linalokuhusu wewe litatokea lenyewe mbele. Zilizonyamazishwa ni zile porojo tu. Kompyuta inajua kutofautisha.

Kesho kutwa ni Ijumaa Kuu, tunapumzika mpaka Jumatatu ya Pasaka. Nitakupigia.

Skola


Gando
Jumanne, 22 Aprili 2025

Skolastika,

Orodha ya ofisi imerudi leo. Ina majina ishirini na sita.

Nimeisoma mara nne. Nilidhani nimeruka mstari, nikachukua rula nikashuka jina kwa jina. Rahila hayumo. Nilipanda kilimani kwenye mnara wa simu, unakopatikana mtandao, nikapiga ofisini, akapokea Bwana Nyange, karani wa usajili. Ananiambia kwamba tarehe 15 waliandika kutaka namba ya cheti cha kuzaliwa cha Rahila, kwa kuwa tuliyopeleka ilipungua tarakimu moja. Walisubiri mpaka tarehe 17 jioni. Hatukujibu, wakalitoa jina.

Nikamwambia sikupata barua yoyote. Akasema, "Mwalimu, imekwenda na imefika. Skuli nyingine kumi na moja zimeipata na zimejibu." Nikasema cheti ninacho, kipo kabatini, namba nimeinakili hapa, nakusomea sasa hivi. Akasema muda umepita, na uzembe wa skuli hauna dawa.

Neno hilo, uzembe. Miaka thelathini na moja nasomesha, hakuna aliyewahi kuniambia.

Sielewi. Kila asubuhi nafungua, kila mchana nafungua. Sikuiona. Labda nimeifuta kwa kidole bila kujua? Labda nilibonyeza kitu siku ile ya kuambatisha? Rahila alikuja mapumziko kama kawaida yake. Nikamwambia mtandao uko chini. Nimemdanganya mtoto, Skola.

Wewe unaijua mashine hii. Niambie nilikosea wapi.

Mwatum


Madungu
Alkhamisi, 24 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Pole sana. Nimesikitika mno.

Mambo ya mtandao yana mengi. Wakati mwingine barua huchelewa, wakati mwingine huingia kwenye taka. Si rahisi kusema nani kakosea wapi. Naomba usibonyeze chochote kwa sasa wala usimwandikie mtu yeyote wa ofisini. Niachie mimi, ninafuatilia.

Nimekupigia mara mbili, simu yako haipatikani. Kula vizuri na goti ulipake mafuta.

Skolastika


Gando
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mwanangu,

Umeniambia nikuachie, nami nimekuachia. Ila kuna jambo moja sikuweza kuliacha. Jumamosi ilikuwa sikukuu, nikavuka kwenda Fundo kwa Bi Shadya, mama yake Rahila. Niliona haifai asikie kwa watu.

Nilimkuta anaanika mwani. Alipoona ni mimi akaacha kazi, akanitandikia mkeka, akataka kuchemsha chai. Nikamwambia usichemshe, sikiliza kwanza. Nikamwambia jina la mwanawe limetoka kwa makosa yangu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa, barua ilikuja nikaipoteza, na sijui nimeipotezaje. Nikamtaka radhi. Nililia, Skola, mbele ya mwanamke niliyemzidi miaka ishirini.

Bi Shadya alinipa ncha ya kanga yake nifute macho. Halafu akasema, "Mie sina neno nawe, mwalimu. Weye umemlea. Lakini mwakani siwezi. Mdogo wake anaingia kidato cha kwanza, shangazi yao hana nafasi ya watoto wawili. Rahila atarudi hapa, tufanye hino kazi." Akaonesha ule mwani kwa kidevu. Hakunilaumu hata kidogo, na bora angenitukana.

Rahila mwenyewe nimemwambia jana. Hakulia. Aliniuliza, "Kwani mwalimu, mie namba yangu ilikuwa na kasoro gani?" Leo hakuja skuli.

Bwana Suhaib amenitaka niandike barua rasmi ya kukiri uzembe, iwekwe kwenye jalada langu. Nimeshaiandika, nitaipeleka Ijumaa. Nimebakisha miaka mitatu nistaafu, na jalada langu halikuwa na doa.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, nilikosea wapi? Watu wengine wakiniuliza angalau niwe na la kusema.

Mwatum


Madungu
Jumatano, 30 Aprili 2025

Mama,

Usiipeleke hiyo barua ya uzembe. Ichane. Ukiacha ile tarakimu moja, hukukosea popote.

Naandika haya baada ya kuchana karatasi tatu. Barua pepe ya skuli niliifungua mimi, na mpaka leo imo kwenye kompyuta yangu hapa kituoni. Jumatano iliyopita, tarehe 23, nilipopata barua yako, niliingia nikatafuta jina la Rahila. Ilinichukua dakika mbili. Barua ya ofisi ipo. Bwana Nyange hakuanzisha barua mpya. Alijibu ndani ya yale mazungumzo ya salamu, kwa skuli zote kwa pamoja, akaorodhesha skuli kumi na mbili zenye kasoro na ya kwenu ni ya tisa. Kwa kuwa mazungumzo hayo niliagiza uyanyamazishe, nayo ikapita kimya. Kama ingeandikwa kwako peke yako ingetokea. Iliandikwa kwa wote, kwa hiyo haikutokea. Wewe uliniuliza swali hili hili tarehe 14, ukaliuliza vizuri kuliko walimu wote wa semina yangu, na mimi nikakujibu mbio mbio kwamba kompyuta inajua. Haijui kitu.

Nilijua tangu tarehe 23, na tarehe 24 nikakuandikia mambo ya taka na kuchelewa. Sina namna ya kulipamba hilo. Niliogopa. Kijitabu kilikuwa kimeshatoka, nakala mia tatu, na dawa yangu ya kunyamazisha iko ukurasa wa kumi na moja. Siku ile ile mkuu wa kituo aliniambia jina langu limependekezwa libaki hapa. Nikafikiri nitapata njia ya kumrudisha Rahila bila mtu kujua. Nikaenda kwa Bwana Nyange nikijidai napita tu, nikamdadisi. Akasema njia ni moja. Kosa likiwa la skuli, hawapokei. Skuli ikionesha kwamba ilifuata maelekezo ya maandishi kutoka kituo cha walimu, na maelekezo yenyewe yalikuwa mabaya, wanaweza kumrudisha mtoto mpaka orodha zifungwe. Zinafungwa Ijumaa hii, tarehe 2 Mei, saa sita mchana. Baada ya hapo hata yeye hana uwezo.

Nikatoka pale nikijua la kufanya, nikakaa siku tano sikulifanya. Ndani ya siku hizo wewe ulivuka kwenda Fundo.

Maelekezo ya maandishi ni barua zangu mbili, ya tarehe 11 na ya tarehe 16. Ziko kwako, pembeni ya kompyuta. Kijitabu peke yake hakitoshi, kilitoka baada ya tarehe 15. Tafadhali njoo nazo ofisini kwa Bwana Nyange Ijumaa asubuhi, pamoja na cheti cha Rahila. Usifunike sehemu yoyote, hata ile niliyojisifu. Mimi nimeshamwandikia mkuu wa kituo kumweleza yote, barua iko mezani kwake. Nilitaka kukupigia, nikashika simu mara nyingi, nikaiweka chini. Vuai ameahidi kukukabidhi leo leo mkononi.

Sistahili kukuomba radhi kwa karatasi, lakini naomba.

Skolastika


Gando
Jumapili, 4 Mei 2025

Skolastika,

Ijumaa hukuniona, na mimi sikutaka unione. Nilipanda gari la kwanza na Bwana Suhaib, tukafika ofisini saa mbili na nusu. Ulikuwa umekaa kwenye benchi la nje umeinama, nami nikapitia mlango wa nyuma. Nilikuwa na hasira, na mtu wa umri wangu akigombana barazani anachekwa.

Bwana Nyange alizisoma barua zako mbili, akazirudia. Akacheka kidogo pale pa gwaride la asubuhi, kisha hakucheka tena. Alipofika ile ya tarehe 16 akaniuliza, "Bi Mwatum, huyu aliyeandika haya ni nani wako?" Nikamwambia ni mwanangu. Akasema, "Unajua nikiziweka hizi kwenye jalada, zitamgharimu?" Nikasema najua. Akauliza, "Na kosa ni lake?" Ilipita kichwani kwangu kusema huenda nilibonyeza vibaya, mimi mzee, nani angebisha? Barua yangu ya uzembe ilikuwa mkobani, sikuichana. Nilikuwa sijui ninamsaliti nani, na nikisema ipi nitalala usingizi. Halafu nikasema, "Ndiyo, ni lake." Na yeye akaniambia nusu ni la kwake, kwa kujibu ndani ya mazungumzo yale, na kwamba atalieleza kwa mkono wake mwenyewe.

Saa tano na dakika kumi jina la Rahila Jabir limeingizwa, namba ya cheti imetimia. Wako ishirini na saba. Niliomba wanichapishie nikaona kwa macho yangu.

Tumesikia kwamba kituoni hutabaki, unarudishwa darasani Juni. Bwana Suhaib anasema ungekaa kimya usingeguswa. Ni kweli, na jambo hilo nimelitia akilini. Lakini kukuudhikia bado nimekuudhikia, na sitakuficha. Kosa la kompyuta nimelisamehe kabla sijamaliza kulisoma, mimi mwenyewe nimeangusha watu mia mbili kwa kitufe kimoja. Ninachoshindwa kukielewa ni zile siku. Ulijua, na ukaniambia nipake goti mafuta. Ulisoma kwamba nimelia kwenye mkeka wa Bi Shadya, na ukalala tena usiku mzima kabla ya kushika kalamu. Nakuuliza siyo kwa kukutesa. Nakuuliza kwa kuwa sijui, na kila nikikaa peke yangu nachanganyikiwa upya. Mtoto niliyemlisha miaka minne alikuwa wapi siku hizo?

Chumba cha uani kiko wazi, njoo Jumamosi. Nitapika. Lakini hatutakula kwanza. Tutavuka pamoja kwenda Fundo. Bi Shadya nimempelekea habari kwamba mwanawe amerudishwa, amefurahi, ananiombea dua kila swala. Jina lako sijamtajia. Mpaka leo anaamini ni mimi niliyempoteza mwanawe na mimi niliyemrudisha. Hilo utamwambia wewe, kwa mdomo wako, na mimi nitakaa pembeni yako.

Mama yako,
Mwatum Soud